Mwanga Aliouomba Nazokat

Hakuna bibi harusi wa mji wa Nurota, miaka ile kabla simu hazijaota kamera, ambaye Sobit hakumpiga picha, na hakuna hata mmoja aliyetoka na rangi yake. Wote walikuwa weupe pepepe, kama watu waliochovya nyuso kwenye unga: nyusi mbili, midomo, basi. Usimcheke upesi. Mama wa bibi harusi alipofika dukani kwake, kabla hata hajapewa kiti, neno lilikuwa moja: "Fundi, binti yangu awe mweupe." Msichana amelelewa kwenye mashamba ya pamba, jua limemkaa shavuni tangu utotoni, leo anataka kuonekana kama aliyekulia ndani ya kabati. Ukimpiga alivyo, picha inarudishwa na matusi juu. Na flashi isipowaka, wazee waliuliza kama kweli amepiga au anawachezea tu. Kwa hiyo Sobit alijifunza kusogea karibu, kuielekeza flashi usoni, na kuiachia. Picha ikiungua kwa mwanga, mteja alifurahi. Akapata jina, akapata duka lenye dirisha kubwa karibu na chemchemi, akaoa.

Siku hizi duka lile linauza vifuniko vya simu. Sobit ni mzee mwenye goti bovu na kofia nyeusi iliyodariziwa, na jambo moja linamkosesha usingizi na ladha ya chakula. Mke wake Nazokat alifariki majira ya machipuko, miti ya aprikoti ikiwa ndiyo kwanza imechanua. Mwaka wake unakaribia kutimia. Jiwe la kaburi limeshakatwa, jeusi, limesuguliwa mpaka linang'aa, nalo linasubiri uso.

Kwao, mwaka wa marehemu ukitimia, pilau hupikwa, jiwe husimamishwa, na juu ya jiwe mchongaji huchora uso kutoka kwenye picha, kwa kudonoa kwa sindano ya chuma, nukta kwa nukta. Mashekhe hununa, watu huchora. Ukipita makaburini Nurota wafu wote wanakutazama: wakulima kwa kofia zao, walimu kwa tai zao, akina mama kwa mitandio. Kaburi lisilo na uso watu hulipita wakidhani marehemu hakuwa na mtu wa kumlilia.

Na mke wa mpiga picha hana picha. Mganga hajigangi.

Si kwamba hakukuwa na kamera nyumbani. Nazokat ndiye hakukubali. Alipokuwa mdogo aling'atwa na inzi wa nyikani, akapata kile kidonda ambacho watu wa upande ule hukiita cha mwaka, kwa sababu hukaa mwaka mzima usoni kikila kabla ya kuondoka, na kikiondoka huacha kishimo. Chake kilimwachia kishimo kwenye shavu la kushoto, kikubwa kama kokwa ya aprikoti, chenye kingo zilizokunjamana. Tangu hapo mkono wake wa kushoto ulijifunza kazi moja: akiona kamera, ncha ya mkono wa nguo inapanda mpaka shavuni. Katika picha zote za familia, harusi ya mwanawe, tohara za wajukuu, kuna mwanamke aliyeshika mkono wa nguo usoni kama anayepiga chafya. Pasipoti yake ilirudishwa ofisini siku chache baada ya maziko, kama sheria inavyotaka, na katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kuiwekea nakala. Sobit alijilaumu kwa hilo mpaka akakonda.

Basi siku moja mkwe wake, Gulchiroy, alifungua sanduku la marehemu. Gulchiroy ni mke wa Odil, mtoto pekee wa Sobit, ambaye yuko Korea akifanya kazi kiwandani. Ndani ya sanduku mlikuwa na suzani, zile nguo kubwa za kutundika ukutani zilizodariziwa kwa hariri, alizoshona Nazokat kwa majira mengi ya baridi. Kabla ya kufa alikuwa amesema: "Ziuze, mwanangu. Zikatundikwe ukutani kwa mtu. Mimi sikuzishonea nondo." Gulchiroy akaamua kuziuza mtandaoni. Na mzee akadai kuwa hakuna atakayezipiga picha isipokuwa yeye.

"Nimepiga picha mji mzima," alisema. "Nitashindwa na kitambaa?"

Akatoa kamera yake ya mwisho, akaisugua kwa ncha ya joho, akazitandaza suzani sakafuni, akasogea karibu, na kuiachia flashi. Siku ile ile suzani tatu zilipelekwa kwa shangazi wa Gulchiroy huko Bukhara aziuze kwa watalii ikiwa wateja wa mtandaoni watachelewa. Hazikuwepo tena nyumbani wakati jibu la kwanza lilipokuja.

"Baba," Gulchiroy alimwita barazani, simu mkononi, "kuna mama wa ng'ambo anauliza kama kitambaa kimemwagikiwa dawa ya kufulia."

"Mwambie macho yake ndiyo yamemwagikiwa."

"Njoo utazame mwenyewe, usinigombeze bure."

Akatazama. Makomamanga aliyodarizi Nazokat, yaliyokuwa mekundu kama damu ya kuku, yalikuwa ya waridi yaliyopauka, na katikati ya nguo palikuwa na doa jeupe, kama bakuli la maziwa limepinduka. Hariri ni kitu kinachong'aa. Ukiimulika uso kwa uso inakurudishia mwanga wako wote, haibakizi kitu.

"Hii imeungua, Baba. Zima hiyo flashi."

"Nizime? Picha bila flashi ni pilau bila nyama."

"Basi nyama yako imekuwa mkaa."

Mzee akanuna. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alishakauka zamani. Lakini Gulchiroy hakuwa mtu wa kubishana kwa mdomo. Alitwaa suzani iliyobaki, akaitundika karibu na dirisha lisilopigwa na jua, akashusha pazia jepesi, akaweka shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga kidogo kidogo, akapiga kwa simu yake bila flashi. Uzi mmoja mmoja ukaonekana. Hata pale ambapo Nazokat alibadilisha nyekundu moja kwa nyingine kwa sababu hariri ilimwishia, palijitokeza. Sobit alitazama, akajifanya anatafuta kijiko cha chai.

"Na zile zilizokwenda Bukhara?" aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Hizo tutazitengeneza hapa hapa. Tazama."

Akafungua picha iliyoungua, akaweka kidole kwenye kioo, akakivuta kushoto taratibu. Mwanga ukapungua. Si picha nzima iliyotiwa giza, hapana, ni pale palipozidi tu. Kwenye lile doa la maziwa ukachomoza ukingo wa jani. Kisha shina. Kisha kikonyo chembamba ambacho kimeishia njiani, bila jani kichwani, maana Nazokat, kama wanawake wote wa kwao, hakumaliza suzani hata moja. Daima huacha kidogo, ili kazi isiishe na uhai nao usiishe. Kwake uhai haukusikia.

Sobit alimshika mkwe wake kifundo cha mkono.

"Rudia."

"Nini, Baba?"

"Hapo. Palikuwa peupe, pakatoka kitu. Rudia."

Akarudia. Mzee alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima.

"Kila kilichoungua kinarudi?"

"Si kila kitu. Kilichobaki hata kidogo, kinarudi. Kilichoungua kabisa, maji yamemwagika, hayazoleki."

Sobit akainuka na goti lake bovu, akaingia chumbani, akarudi na picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyofungwa kwenye kitambaa cha hariri. Gulchiroy hakuwahi kuiona. Ilikuwa ya bibi harusi aliyekaa kitini, mikono magotini, mkono wa nguo umeshuka mahali pake. Uso ulikuwa karatasi tupu. Nyusi mbili, midomo, basi.

"Ni Mama?"

"Ndiye."

Mzee akaeleza, na maelezo yalimtoka kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba. Waliozeshwa na wazazi, kama wenzao wote. Siku za mwanzo Nazokat hakumwonyesha shavu lile, alilala upande mmoja na kula upande mmoja. Kisha mchana mmoja akaja dukani peke yake, amevaa nguo zake za harusi ndani ya joho, akafunga mlango kwa komeo. Akasema: "Wewe ndiye unayewafanya wenzangu wawe weupe. Nifanye na mimi. Kiondoe hiki mbele za watu, sitakuomba kitu kingine." Sobit alikuwa kijana na alikuwa amekwisha kumpenda, na shavu lenyewe alilipenda, ila hakujua mwanamke huambiwaje jambo kama hilo. Alichokijua ni flashi. Akasogea karibu kuliko alivyowahi kusogea kwa mteja, akampa mwanga wote aliokuwa nao.

Picha ilipotoka Nazokat aliitazama, akaibusu, akalia. Tangu siku ile hakupigwa tena. Kila alipoombwa, jibu lilikuwa: "Picha yangu ninayo moja, inanitosha."

"Nilidhani nimempa zawadi," Sobit alisema. "Kumbe nilikuwa namfuta. Hebu mrudishe, mwanangu. Mrudishe nimpelekee Pulat mchongaji amchore."

Gulchiroy akaipiga ile picha kwa simu, dirishani, kwa uangalifu kama anayebeba yai. Akavuta kidole kushoto. Uso ukawa wa kijivu. Akavuta tena. Kijivu cha majivu, tambarare, hakuna pua, hakuna shavu. Karatasi haikuwa imebakiza kitu. Akajaribu programu nyingine, ile inayojaza yenyewe mahali palipopotea, na mara uso ukatokea: msichana mzuri, ngozi laini, macho makubwa, anatabasamu.

Mzee aliutazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Huyu ni mke wa mtu," alisema, "lakini si wangu."

Mkate wa tanuri uliokuwa kwenye kitambaa cha kulia chakula ulikuwa umeanza kukauka, hakuna aliyeumega. Gulchiroy alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, anajilaumu kwa kumtia mzee tamaa. Ndipo Sobit alipojipiga paji la uso.

"Mzee mpumbavu! Filamu!"

"Filamu gani?"

"Karatasi husahau upesi, mwanangu. Filamu inakumbuka zaidi. Kwenye karatasi uso umekuwa mweupe wote, lakini kwenye filamu huwa mweusi, na ndani ya weusi ule huenda kuna kitu. Sisi tulikuwa hatuhangaiki nacho. Nani alitaka kuuona uso? Walitaka weupe!"

Mikebe ya chai aliyotunzia filamu ilikuwa stoo, imejaa harusi za watu. Walitafuta asubuhi ile na iliyofuata, wakiinua vipande dhidi ya dirisha kimoja kimoja, mabibi harusi weusi kama masizi wakipita mikononi mwao. Kipande cha Nazokat kilikuwa peke yake, kimefungwa kwenye karatasi ya peremende. Mahali pa uso palikuwa peusi kiasi kwamba mwanga wa dirisha haukupita.

"Hapa sasa ndipo tunapouhitaji mwanga wako, Baba," Gulchiroy alisema. "Lete flashi."

Kwa mara ya kwanza tangu msiba mzee alicheka. Wakaweka kipande juu ya kioo, shuka jembamba chini yake, na flashi kwa nyuma. Ikawaka. Simu ikanasa. Gulchiroy akageuza nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi, akaanza kuvuta kidole, taratibu, taratibu.

Kwanza ulitoka mstari wa nywele. Kisha sikio na hereni yake ya fedha. Kisha, kabla ya macho, kabla ya pua, kilitoka kile kishimo. Kingo zake zilizokunjamana zilikuwa zimeshika kivuli kidogo, na kivuli kile ndicho kilichokuwa kimeokoka kuliko vyote. Halafu uso wote ukaja nyuma yake, kama watu wanaomfuata kiongozi mlangoni. Nazokat. Alikuwa binti mdogo kabisa. Alikuwa amebana pumzi, macho yamemkazia mpigaji, hofu imejaa na imani imejaa, uso wa mtu anayengoja kutendewa wema.

Sobit aliishika simu kwa mikono miwili. Chai yake ilipoa, ikamwagwa, ikamiminwa nyingine, nayo ikapoa.

"Mama alikuwa mzuri namna hii," Gulchiroy alisema, "na sisi tukafichwa."

"Alikuwa mzuri."

"Nimtumie Pulat sasa hivi? Ataanza leo."

Mzee alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa Nazokat uliotulia gotini. Ule mkono haukuwa juu siku ile. Siku moja tu katika maisha yake ulishuka mbele ya kamera, na ulishuka kwa sababu yeye Sobit alikuwa ameahidi.

"Mwanangu," alisema, "rudisha mwanga."

"Nini?"

"Urudishe. Kama ulivyokuwa."

"Baba! Mwaka mzima unaulilia uso huu. Umepatikana, alhamdulillahi, halafu tena uufute?"

"Ninaulilia mimi. Jiwe ni lake." Akamrudishia simu mkononi. "Aliniomba chumvi, aliniomba kuni, aliniomba niwahi nyumbani. Hayo ni ya nyumba. La kwake yeye aliniomba moja. 'Mbele za watu,' alisema. Sasa nikamweke njiani, kila mpita makaburi amtazame shavu, na mkono wa kujifunika hana tena? Nitamwambia nini tukionana?"

"Basi tuiache kwenye simu. Utakuwa unaitazama wewe tu."

"Ikiwa kwenye simu kesho Odil ataiona Korea, keshokutwa shangazi zake wote. Nyinyi watu wa simu hamna siri, mwanangu, msinidanganye."

Gulchiroy akabisha kidogo, akalia sana, kisha akatii. Kidole kikarudi kulia. Pua ikaenda, macho yakaenda, na mwisho kabisa, kama kilivyokuwa cha kwanza kuja, kishimo kikajaa mwanga na kutoweka. Akaifuta. Sobit alitazama mpaka mwisho bila kugeuza uso, na hilo ndilo nadhani lilikuwa gumu kuliko kumzika.

Ile filamu aliirudisha kwenye karatasi yake ya peremende.

"Siku yangu ikifika," alisema, "unitilie mfukoni."

"Sanda haina mfuko, Baba."

"Basi uichome. Lakini usiitazame."

Mwaka ulipotimia pilau ilipikwa, Kurani ikasomwa, na watu wakaenda makaburini kuona jiwe. Pulat mchonga mawe alikuwa pembeni, uso umemshuka. Alikuwa amechora alichopewa, ile picha ya karatasi: amedonoa na kudonoa mpaka mkono ukafa ganzi, na katikati ya jiwe jeusi palikuwa na weupe mtupu wenye nyusi mbili na midomo.

"Fundi, umeniaibisha," alinong'ona, lakini makaburini hata mnong'ono husikika. "Watu watasema Pulat hajui kazi."

"Hawatasema Pulat," mzee mmoja alidakia. "Watasema Sobit. Hee, Sobit! Wake za watu uliwaunguza, tukanyamaza. Hata wa kwako?"

Watu wakacheka kidogo, kwa upole, kama inavyochekwa mahali kama pale. Gulchiroy akafungua mdomo. Sobit akamtupia jicho, akaufunga.

"Mkono ulinitetemeka siku ile," Sobit alisema. "Nilikuwa kijana. Sikujua kazi."

Akacheka nao. Mtu aliyeshinda maisha yake yote akiringia ufundi wake alisimama mbele ya mji mzima akaukana, na zaidi ya mkwe wake hakuna aliyejua aliukana kwa ajili ya nini. Watu wakatawanyika kwenda kula. Gulchiroy akamwambia atamngoja langoni.

Sobit alipobaki peke yake akalisogelea jiwe karibu, kama siku ile dukani. Mkono wake ukapanda wenyewe, na kidole gumba kikaenda pale shavuni, upande wa kushoto, kama kilivyozoea kwenda kila usiku baada ya taa kuzimwa, kikakitafuta kishimo. Kilitafuta kwa muda. Jiwe lilikuwa tambarare.